Barabara Iliyonyamaza

Mimi ni dereva wa bajaji ya umeme, na kabla hujauliza: ndiyo, ni mwanamke, na hapana, betri hainipigi shoti. Maswali hayo mawili nimeyajibu mpaka mdomo umeota sugu. Pale kituoni wananiita Pilipili, kwa sababu sina subira na abiria mbishi wala na dereva anayenichomekea. Jina nimelikubali. Kuna wenzangu wanaitwa mabaya zaidi.

Mji ulipoamua kuifunga barabara yetu kwa magari ya mafuta, mimi nilikuwa mstari wa mbele kushangilia. Barabara yenyewe ni nyembamba, maduka huku na huku, na zamani mwenda kwa miguu alikuwa anajibana ukutani kama mjusi. Wakaja mafundi wakatengeneza njia pana ya kutembea, wakachora mstari wa baiskeli, na katikati wakatuachia sisi wa bajaji kwa sharti kwamba kila moja iwe ya umeme. Wenzangu waligoma mwanzoni. Nilizipigia debe za umeme asubuhi na jioni, nikawasuta, nikawabembeleza, mpaka wakasema heri tuchukue hizo za umeme ili Pilipili anyamaze.

Na kweli mambo yakawa mazuri. Fundi cherehani wa kona alishona gauni jeupe la harusi huku mlango uko wazi, bila hofu ya masizi. Baba mmoja wa kiti cha magurudumu, ambaye tulizoea kumwona dirishani tu, alianza kwenda dukani mwenyewe na kurudi mwenyewe, tena kwa mwendo wa kutupita. Nikavimba kichwa, sikatai. Nilikuwa napita mbele ya kioo cha duka la dawa najiangalia.

Kila mtu akafurahi, isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyenilea.

Shangazi yangu haoni tangu utotoni. Ni fundi wa mito na magodoro. Anachambua sufi kwa vidole, anajaza, anashona, na mto ukitoka mikononi mwake hauna donge hata moja. Karakana anakoshona na wenzake iko ng'ambo ya barabara, mkabala na kituo chetu. Yeye anakaa upande huu, chumba na sebule nyuma ya duka la dawa. Kila siku ya kazi alitoka na fimbo yake nyeupe, akasimama ukingoni, akatega sikio, akavuka. Peke yake. Ukimshika mkono bila kuombwa, anakuuliza kwa upole kama kuna kitu chako umekiangusha kwenye mfuko wake.

Watu walidhani anavuka kwa kudra za Mungu. Kumbe barabara nzima alikuwa nayo kichwani. Injini ikikaza, anajua inakuja. Ikilegea, anajua dereva amemwona. Ikififia, njia ni yake. Madereva wa kituo alitujua wote kwa milio. Mwenyekiti wetu alimwita Kikohozi. Mimi alisema nakanyaga mafuta kama naua mende.

Sasa hebu fikiria mtu huyo unampelekea bajaji ishirini zisizolia. Mimi sikufikiria, wala hakuna aliyefikiria.

Asubuhi moja dereva mwenzetu, tunayemwita Bwana Harusi kwa jinsi anavyopiga pasi mashati, alikuwa anatoka kituoni taratibu kabisa. Shangazi akatega sikio. Akasikia kimya. Kimya kwake maana yake njia iko wazi, basi akatanguliza fimbo na mguu ukafuata. Gurudumu la mbele likapanda fimbo, fimbo ikavunjika. Yeye mwenyewe hakuguswa hata pindo la kanga. Nilikwenda pale nimemkunjia Bwana Harusi ngumi, lakini nikamkuta amekaa chini barabarani na suruali yake nyeupe, anatetemeka, analia kuliko aliyevunjiwa. Hasira zikaniishia. Nikamnunulia soda.

Kuanzia hapo Shangazi hakuvuka tena. Wenzake wa karakana walimletea fimbo mpya, akaisimamisha nyuma ya mlango. Nikawa nampakia mimi, namtoa mlangoni kwake nampeleka ng'ambo, safari fupi kuliko kupiga chafya, na jioni namrudisha. Mimi nikaona nimemaliza tatizo. Lakini alikuwa anakaa kule nyuma haongei, hanitanii, hata mende hanitajii. Ukimwona Shangazi amenyamaza, jua kuna jambo linatokota.

Jioni moja nilipomfikisha hakushuka.

"Mwanangu, huna kosa," akasema. "Lakini mimi nimekuwa gunia. Napakiwa, nashushwa. Siku ukiwa na safari ya mbali, nakaa na ufunguo mkononi nakusubiri. Nimempigia simu kaka. Jumamosi anakuja kunichukua."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya baridi. Kaka yake, yaani baba yangu mkubwa, anakaa mji mdogo wa mbali. Ana nyumba kubwa na roho nzuri sana, na roho hiyo nzuri ndiyo inayomuua Shangazi. Kule kwake haruhusiwi kunyanyua hata kikombe. Aliwahi kwenda mara moja kupumzika, akarudi amenuna, akasema alikuwa anashikwa mkono hata kwenda kwenye mtungi. Kule hakuna sufi, hakuna mito, hakuna wenzake wa kupiga nao soga huku wanashona. Kuna kiti cha barazani na watu wa kumuuliza kama ameshiba. Na yeye, aliyenifundisha mimi kwamba mtu hafi kwa kuanguka bali kwa kukaa, alikuwa tayari kwenda kukikalia kiti hicho.

Sikulala vizuri. Nilimkasirikia Bwana Harusi upya, nikaukasirikia mji, na mwisho nikaikasirikia bajaji yangu mwenyewe, nikaipiga teke, nikaumia kidole.

Kesho yake niliwakusanya madereva nikawaeleza. Sikuwabembeleza safari hii. Nikawaambia barabara tumeitengeneza iwe ya waenda kwa miguu, na mwenda kwa miguu wa kwanza kuijua ndiye tunayemfukuza. Wakainamisha vichwa. Shangazi amewashonea mito karibu wote, na nusu yao amewahi kuwagomba. Mwenyekiti akakuna kidevu, akasema kama ugonjwa ni kimya, basi dawa yake ni sauti. Kila mmoja atafute spika ndogo, aifunge mbele, achague mlio. Alhamisi mchana tumwite Shangazi aje asikilize. Nikaona hekima. Laiti ningewauliza ni milio gani.

Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Alhamisi ilipofika, Shangazi akasimama ukingoni na fimbo mpya, mimi pembeni yake, na madereva wakaanza kupita. Wa kwanza akaja na jogoo. Si jogoo mmoja, ni jogoo anayewika mfululizo kama amefungiwa ndani ya kengele. Wa pili akaleta ule mlio wa lori linalorudi nyuma, na yeye anakwenda mbele. Mwenyekiti, kwa heshima ya cheo chake, akaweka tarumbeta. Bwana Harusi alikuwa amejirekodi mwenyewe, sauti ya majonzi, inarudia njia nzima: "Shangazi, samahani, napita. Shangazi, samahani, napita." Watu walitoka madukani. Mbwa mmoja akaondoka mtaani, na sidhani kama amerudi.

Mimi nilijiona mjanja. Niliweka ngurumo ya injini yangu ya zamani, niliyoirekodi siku ya kuagana nayo. Nikapanda bajaji, nikaja, nikasimama mbele yake.

"Wewe unakuja au umesimama?" akaniuliza.

Nikamjibu nimesimama.

"Mbona unanguruma kama unakuja?"

Ile ngurumo ilikuwa ileile tu, nikienda, nikisimama, nikirudi. Ilikuwa inamwambia nipo, haimwambii nafanya nini. Nyuma yangu jogoo akawika, tarumbeta ikajibu, samahani ikapita, na Shangazi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatafuta ukingo wa njia kwa fimbo, akakaa, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Asanteni, wanangu," akasema alipopata pumzi. "Mmenifurahisha. Lakini nikisikia jogoo, nitajuaje kama ni wa kufugwa au wa kunigonga?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu ile asante niliisikia vizuri. Ilikuwa ya kuagana. Nikajifanya nachunguza tairi.

Tukiwa katika hali hiyo, madereva wanazima spika zao mmoja mmoja kwa aibu, akapita muuza mikate na baiskeli yake. Huyu mama ana baiskeli iliyochoka kuliko zote mtaani. Lile bati la kuzuia tope limelegea, linagusa spoki za gurudumu, na kila anakokwenda linagonga taka-taka-taka. Fundi baiskeli, ambaye kibanda chake kiko hapohapo, amemwomba mara chungu nzima amtengenezee hata bure, kwa sababu linamtia aibu kwa wateja. Mama anamwambia baiskeli inatembea, anataka nini tena.

Shangazi, bado amekaa, akageuza uso. Ule uso ukamfuata muuza mikate hatua kwa hatua, kama mtu anayemwangalia.

"Mama mikate anakimbia leo," akasema. "Haya, anapunguza. Anakata kona. Amesimama kwa fundi cherehani."

Wote tukageuka. Muuza mikate alikuwa amesimama kwa fundi cherehani, mguu mmoja chini, anatoa mkate kwenye kreti.

Nilimuuliza Shangazi amejuaje kama amesimama, na si kwamba ameenda zake. Akanishangaa. Akasema kwani mimi sisikii, akienda mbio linagonga haraka, akipunguza linagonga polepole, akisimama linanyamaza. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto kwamba maji yanalowesha.

Nilimkimbilia yule mama nikaikamata baiskeli yake kwenye usukani. Akadhani namwibia, akanipiga na mkate. Nilipomweleza akaiachia, tukaipindua miguu juu palepale, madereva wote wameinama kuitazama kama wauguzi wamezunguka mgonjwa. Fundi baiskeli alizungusha gurudumu kwa mkono, polepole, halafu kwa kasi, halafu akalishika. Akatikisa kichwa. Akasema kumbe mwaka mzima amekuwa akitaka kuitengeneza baiskeli ile.

Bajaji zetu hizi gurudumu la mbele lina spoki kama la pikipiki. Ijumaa yote fundi alikata vipande vya plastiki ngumu kutoka madumu matupu ya mafuta ya kupikia, akatufungia kimoja kimoja penye uma wa gurudumu, ncha iguse spoki. Haikuwa kelele ya kumwamsha mtoto, ilikuwa taka-taka ya kawaida, kama mtu anapiga hodi hana haraka. Abiria wangu mmoja aliniambia bajaji imeharibika na akataka kushuka. Nikamwambia ashuke, lakini haijaharibika. Akakaa.

Shangazi nilipompelekea habari hakuruka kwa furaha. Alisema masikio yake yanakubali, ila miguu imeshaogopa, na miguu haisikii maneno. Kesho asubuhi atajaribu. Ikikataa, ataondoka na kaka yake na mimi nisimlaumu. Begi lake la nguo lilikuwa tayari limefungwa, liko juu ya kitanda. Nililitazama begi lile kwa chuki, nikatoka.

Jumamosi Baba Mkubwa alifika na basi la mapema, kofia kichwani, mwavuli kwapani, na jua linawaka. Akamkumbatia dada yake, akalinyakua begi, akataka tuondoke papo hapo kabla basi la kurudi halijajaa. Shangazi akamwambia kwanza ana jambo na barabara. Tukatoka sote watatu mpaka ukingoni, na mimi nikaifuata bajaji yangu kituoni nikaileta karibu nao, kwa sababu nilishindwa kusimama tu na kuangalia.

Barabara ilikuwa imechangamka. Bajaji zinakwenda na kurudi, taka-taka za haraka na za polepole, minyororo ya baiskeli inalia, watu wanaongea wakitembea. Niliuona uso wa Shangazi ukisogea kidogo huku, kidogo kule. Akainua fimbo.

Hapo ndipo tukaharibu. Bwana Harusi alimwona, na kwa ule upendo wake wenye majuto, akafunga breki. Wa nyuma yake naye akasimama. Mwenyekiti akashuka, akanyoosha mikono miwili kama trafiki, na upande wa pili wote ukasimama. Waendesha baiskeli wakaweka mguu chini. Watu wa njiani wakanyamaza kwa heshima. Na mimi, kichwa kikavimba tena, nikajisemea tazama jinsi tunavyompenda, barabara nzima tumemtandikia kama mkeka.

Shangazi hakuvuka. Mguu ulitoka, ukarudi. Ukatoka tena, ukarudi.

Baba Mkubwa akamwinamia. "Basi, dada. Umejaribu. Twende zetu."

"Wamekwenda wapi?" Shangazi akauliza. Sauti ilikuwa ndogo, si yake. "Walikuwepo wote. Wamekwenda wapi?"

"Wamesimama," kaka yake akamjibu. "Wanakupisha wewe."

Halafu nikaiona ile shingo ikinyooka, na nikajua sasa tutagombwa, na sijawahi kufurahia kugombwa kama siku ile.

"Nilisema nataka kuvuka barabara," akasema kwa sauti iliyofika mpaka kituoni. "Sikusema muiondoe. Endesheni vyombo vyenu."

Hakuna aliyetikisika. Wanaume wakubwa wameduwaa kama vinyago. Basi Pilipili ikanipanda, nikawafokea wote, hata mwenyekiti na cheo chake, nikamwambia Bwana Harusi kama hakanyagi sasa hivi nitamwagia mchuzi mashati yake yote. Nikaondoa bajaji yangu. Wa mbele akaondoka, wa nyuma akafuata, baiskeli zikaingia, maongezi yakarudi, na barabara ikaanza tena kugonga.

Shangazi alisikiliza. Akamwacha mwenyekiti apite. Akawaacha waendesha baiskeli wawili wapite. Mimi nilikuwa nimegeuza, nakuja, nikamwona, nikaanza kupunguza: taka-taka, taka, taka. Kabla hata sijasimama kabisa, fimbo ikagusa lami mbele yangu na yeye akaifuata, bila haraka, uso mbele. Alipita mbele ya taa yangu karibu kiasi kwamba ningeweza kumshika. Sikumshika. Nililia tu, waziwazi, na atakayenicheka anicheke.

Fimbo ilipogonga ukingo wa ng'ambo, wenzake wa karakana, waliokuwa wamejazana mlangoni, walipiga vigelegele. Shangazi akawaambia waache kelele, hasikii.

Ndipo tukamkumbuka Baba Mkubwa. Alikuwa bado upande wa pili, begi mkononi, mwavuli kwapani. Kwao mtu anavuka barabara wakati wowote anapojisikia. Hapa aliweka mguu chini, baiskeli ikampitia mbele, akarudi. Akajaribu tena, bajaji ya Bwana Harusi ikatokea, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta wa duka la dawa. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaita kwa unyonge, "Dada."

Shangazi akageuka. Akasimama ukingoni, akatega sikio, akaivuka barabara ileile kurudi alikotoka. Akamtafuta kaka yake kwa ncha ya fimbo mpaka ikagonga kiatu.

"Shika kiwiko changu," akamwambia. "Usinivute, na usiongee mpaka tufike."

Wakavuka. Alimwacha mmoja apite, akasubiri, akaingia, na yule mzee mrefu akamfuata amejikunja nyuma yake, begi la nguo kifuani, macho ameyafumba. Walipofika ng'ambo alikuwa bado ameyafumba, na kiwiko hajakiachia. Shangazi akamwambia aingie ndani, aweke begi chini, atafutiwe mahali pa kukaa. Ana godoro la kumalizia, jioni atamvusha warudi nyumbani kwake, begi likafunguliwe.